Mpungate wa uani na wakaazi wake: jinsi ya kuwapiga picha

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa sayansi, naishi Wete, Pemba. Nimepanda mipungate kadhaa kwenye vyungu uani kwangu, na nimegundua kwamba imejaa viumbe vidogo ambavyo ningependa wanafunzi wangu waviangalie kwa karibu. Nina kamera ya zamani kidogo yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55 na flashi yake ya juu, na nina simu niliyoinunulia lenzi ndogo ya kubana. Picha zangu zinatoka nusu wazi nusu ukungu, penye weupe pameungua na penye kivuli pamekuwa peusi tii, na yule buibui mdogo anayeruka hunikimbia kabla sijabonyeza. Ninunue lenzi gani? Na jengine: mume wangu anataka kuipulizia dawa mipungate yote kwa sababu ya vile vidudu vyeupe vya pambapamba. Nimwache apulizie?

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Nitaanza na lenzi kwa sababu ndiyo itakayokutoa pesa: usinunue kwanza. Kamera uliyonayo inatosha kutoa picha ambayo mwanafunzi ataweza kuhesabu vifundo vya miguu ya sisimizi, ilimradi mwanga ulainishwe na wewe ubadilishe namna ya kumngojea mdudu. Mafunzo mengi ya upigaji picha wa karibu yanatoka katika nchi za baridi, na nasaha yao ya kwanza ni kuamka alfajiri ukamkute mdudu amekufa ganzi, umande umemjaa mwilini, umpige utakavyo. Huko kwao ni kweli. Kwetu, ambako hata usiku wa kipupwe joto halishuki sana chini ya nyuzi 20, mdudu huamka na miguu yake mizima, na anayeitegemea baridi atarudi ndani mikono mitupu. Sisi badala ya baridi tunategemea tabia. Kila kiumbe anayeishi kwenye mpungate ana sehemu yake na saa yake ya kutulia, na anapokula, anaponyonya, anapolinda mayai au anapolala huwa hana haraka ya kukimbia. Ukishaijua sehemu hiyo, unaipangia kamera mapema na kumsubiri, na karibu matatizo yote uliyoyataja yanapungua kwa pamoja.

Mpungate unakurahisishia kazi hii kuliko mmea mwengine wowote wa uani. Yale mabapa mapana ambayo watu huyaita majani ni mashina, mazito, hayapepei kila upepo unapopita, na viumbe wake hawajatawanyika ovyo bali wamejipanga kwenye maeneo machache yanayotambulika. Kabla ya kushika kamera, kaa mbele ya chungu kimoja asubuhi, kisha tena jioni, uangalie tu nani yuko wapi. Ukiwa na kioo cha kukuzia cha maabara ya skuli, hicho ndicho chombo cha kwanza cha kazi hii.

Anza na bapa changa, lile ambalo bado lina vijani vidogo vilivyochongoka ambavyo baadaye hunyauka na kuanguka. Katika vifundo vyake vya miiba hutoka matone madogo mno ya maji matamu, na hayo ndiyo yanayowaleta sisimizi hata kabla ua halijachanua. Mmea unanufaika kwa kuwa sisimizi wanaolinda chakula chao huwafukuza wadudu wengine wanaokuja kutafuna bapa laini. Kwa mpiga picha faida ni kubwa zaidi, kwa sababu sisimizi anayekunywa kwenye tone husimama kwa sekunde kadhaa bila kusogea, kichwa kimeinama na vipapasio vimetulia, naye hurudi kwenye kifundo kile kile. Chagua kifundo kimoja chenye tone, kifokasi, na uache kumfuata sisimizi anayetembea. Yeye atakuja pale ulipo.

Ikiwa chungu chako kinagusana na tawi la mwembe, la mchungwa au la mkarafuu, basi huenda wageni wako ni majimoto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa kiota. Hawajengi kwenye mpungate kwa kuwa hauna majani ya kushona, lakini hupita juu yake kwa msururu kwenda kwenye vyakula vyao. Majimoto wa visiwa hivi wana historia katika sayansi: mtafiti M. J. Way aliwachunguza hapa Zanzibar, na mwaka 1954 alichapisha utafiti kuhusu uhusiano wao na mdudu gamba ambaye jina lake la kisayansi ni Saissetia zanzibarensis. Mdudu gamba hutoa maji matamu, majimoto huyanywa na kumlinda anayeyatoa. Jambo hilo hilo unaweza kuliona kwenye mpungate wako kati ya sisimizi na vidung'ata, yaani wadudu weupe wa pambapamba, na nadhani hiyo ndiyo picha itakayowafaa wanafunzi wako kuliko nyengine zote. Kwa majimoto, tafuta ukingo wa bapa ambao msururu wao unaupita, weka kamera sambamba na ukingo huo, na ubonyeze kila mmoja anapofika mahali ulipofokasi. Wanang'ata, kisha wanapenyeza asidi yao kwenye jeraha, kwa hiyo usikae juu ya njia yao na usiiache mikono ya nguo wazi.

Sasa tufike kwenye vile vyeupe. Vinakaa pale bapa moja linapoungana na jengine, upande usiopigwa na jua, na karibu na mizizi ya miiba. Huenda ni vidung'ata wa kawaida, na huenda ni jamii ya Dactylopius, wale ambao huko Mexico na Peru hufugwa juu ya mipungate tangu zamani kwa ajili ya rangi nyekundu. Njia ya kuwatofautisha ni rahisi: chukua njukuti, mkwangue mmoja, msugue juu ya karatasi nyeupe. Akiacha alama nyekundu kama damu, huyo ni wa rangi. Kidung'ata wa kawaida kwa kawaida huacha majimaji hafifu. Wote wawili ni zawadi kwa anayejifunza upigaji picha wa karibu, kwa sababu jike lake hunyonya mahali pamoja kwa muda mrefu na hata ukimkaribia hana pa kwenda. Fanya mazoezi yako yote kwao kabla hujamwendea buibui. Dume ni kidudu chembamba chenye mbawa mbili kisichokula kabisa katika utu uzima wake na kinachoishi muda mfupi. Ukibahatika kumpiga picha akiwa pembeni ya jike, utakuwa na somo zima la sayansi katika fremu moja.

Ukikaa nao kwa subira utaanza kuona kwamba si kila cheupe ni kidung'ata. Wapo mbawakawa wadogo wa mviringo, jamii ya wale wenye madoa, ambao mabuu yao huota nta nyeupe na kufanana mno na vidung'ata wanaowala. Buu hilo hutembea kwa kasi kutoka kidung'ata mmoja hadi mwengine, na nta yake ni ndefu yenye vishungi. Utaona pia vidung'ata waliovimba, wakawa rangi ya kahawia na kukauka, na wengine wana kitundu cha duara mgongoni. Hao waliingiliwa na nyigu wadogo sana ambao hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Buu hukulia humo na nyigu mpya hutokea kwenye hicho kitundu. Kidung'ata wa muhogo alidhibitiwa sehemu kubwa ya Afrika kuanzia miaka ya 1980 kwa nyigu wa aina hiyo aliyeletwa kutoka Amerika ya Kusini, kwa hiyo picha ya ganda lenye kitundu inaweza kukupeleka darasani moja kwa moja hadi kwenye shamba la muhogo. Haya nayasema mapema kwa sababu yanahusu lile swali la dawa, ambalo nitalijibu mwishoni.

Tuingie kwenye ukungu wa nusu picha. Lenzi inapokaribia sana kitu, tabaka linaloonekana wazi huwa jembamba kiasi ambacho mtu aliyezoea kupiga picha za harusi hakitarajii. Kwa kamera ya sensa (kile kibapa cha ndani kinachopokea picha) ya wastani kama yako, ukimpiga mdudu kwa ukubwa wake halisi, yaani milimita moja ya mdudu ikatua kwenye milimita moja ya sensa, na tundu la lenzi likiwa f/11 (namba ya f ikikua, tundu hupungua), tabaka hilo lina unene usiofika milimita moja. Ukikubali nusu ya ukubwa huo, tabaka hukaribia milimita 2.6. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosifu ukubwa kupita kiasi: kwa kazi ya darasani nusu ya ukubwa halisi inatosha kabisa, na utapata picha nyingi nzuri ambazo usingezipata ukiwa umesogea zaidi. Kulifunga tundu hadi f/16 au f/22 ili tabaka liongezeke hakusaidii kama inavyodhaniwa. Katika ukubwa halisi tundu hutenda kazi kama limefungwa maradufu, f/11 ikawa f/22, na kila unapozidi kulifunga mwanga unazidi kusambaa na picha nzima inalegea. Kaa kati ya f/8 na f/11.

Zaidi ya namba hizo, tumia jiometri. Mdudu ana upande mrefu na upande mfupi, nawe una uso wa lenzi ulio bapa. Ukimpiga sisimizi kwa ubavu, lenzi ikiwa sambamba na urefu wake, mwili wake wote kuanzia kichwa hadi mkia unaingia katika tabaka moja. Ukimpiga kwa mshazari, kichwa kitakuwa wazi na mkia utazama. Vidung'ata walio juu ya bapa wapigwe kwa kuiweka lenzi sambamba na bapa. Na kwa kiumbe yeyote mwenye macho, ikiwa ni sehemu moja tu itakayokuwa wazi, iwe jicho. Picha ya buibui ambaye mguu wake uko wazi na macho yana ukungu haina matumizi.

Fokasi iwe ya mkono. Ukiiachia kamera itafute yenyewe, itahangaika kwenda mbele na nyuma kisha itashika mwiba ulio mbele ya mdudu, na mpungate hauna uhaba wa miiba. Pangilia pete ya fokasi kwenye umbali unaoutaka, usiiguse tena, halafu sogeza mwili wako wote mbele na nyuma polepole mno na ubonyeze pale jicho linapong'aa. Piga kadhaa mfululizo katika kila mwendo. Mkono wa kushoto unahitaji kiegemeo, lakini usiuegemeze kwenye bapa: mbali na miiba mikubwa inayoonekana, kila kifundo kina vimiiba vyembamba vya unywele vyenye ndoana ambavyo huingia kwenye ngozi kwa makumi na hutoka kwa shida. Chomeka kijiti imara cha mwanzi kwenye udongo wa chungu, ukishike pamoja na lenzi, na kamera itatulia kuliko ikiwa kwenye tripodi, ambayo uani huwa kero zaidi kuliko msaada. Wakati wa kusi, funga pia bapa linalopigwa picha kwenye kijiti hicho kwa uzi, na chungu ukihamishie nyuma ya ukuta.

Kwa viumbe wasiosogea, kama vidung'ata na wadudu gamba, upo ufumbuzi mwengine. Weka chungu juu ya meza ndani ya nyumba, kamera juu ya rundo la vitabu au tripodi, na upige picha nyingi za kitu kile kile huku ukiisogeza fokasi kidogo kidogo kutoka mbele hadi nyuma. Kisha programu ya kompyuta huunganisha sehemu zilizo wazi za kila picha kuwa moja. Hatua ya kila msogeo iwe ndogo kuliko tabaka la uwazi. Ukiwa na tabaka la milimita 0.9, hatua ya nusu milimita inafaa, na kitu chenye kina cha milimita 5 kitahitaji takriban picha 11. Feni izimwe.

Sasa mwanga, na hapa naomba uniruhusu nikawie, kwa sababu ndipo picha nyingi za pwani yetu zinapoharibikia. Visiwa vyetu viko karibu na nyuzi 5 hadi 6 kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Hata miezi mengine haliko mbali. Mwanga huo unashuka wima, mkali na kutoka nukta moja. Nta nyeupe ya kidung'ata inaurudisha wote na kuungua, na chini ya bapa panakuwa kama pangoni. Kamera haiwezi kubeba vyote viwili. Kupiga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni kunasaidia, lakini hakukuruhusu kuwaona wanaofanya kazi mchana, na nyuki wa maua ya mpungate ni wa mchana.

Njia iliyo bora ni kulilainisha jua lenyewe. Tundika kitambaa cheupe chembamba, kipande cha kanzu kuukuu kinatosha, kwenye kamba ya kuanikia nguo baina ya jua na chungu. Mara moja kivuli kikali hupotea na rangi ya kijani ya bapa hurudi. Usitumie kitambaa cha rangi, kwani rangi yake itaingia kwenye kila kitu. Upande wa pili wa mdudu weka karatasi nyeupe ya kawaida ili irudishe mwanga chini ya bapa. Kwa vidung'ata, punguza mwangaza kwa hatua moja kamili, yaani uwe nusu, kuliko kamera inavyopendekeza, kwa sababu inapima bapa la kijani lililojaa fremu na kusahau kwamba unachokitaka ni cheupe.

Flashi yako ya juu ni nzuri kuliko unavyoidhania, ila haitakiwi kutumika uchi. Mwanga mkali au laini si suala la nguvu bali la ukubwa wa kinachotoa mwanga ukilinganisha na kinachopigwa picha. Taa ya sentimita chache iliyo mbali ni nukta kwa mdudu. Ila karatasi nyeupe ya sentimita 15 iliyo sentimita 5 juu ya kichwa chake ni mbingu nzima. Kata ubavu wa chupa nyeupe ya plastiki ya maziwa, ile isiyoonesha ndani, uupinde kuanzia chini ya flashi hadi kuvuka mdomo wa lenzi, na uufunge kwa mpira. Bila hiyo, kwa umbali huu wa karibu, lenzi yenyewe hutupa kivuli chake juu ya mdudu, na bila shaka ndicho kilichotia weusi baadhi ya picha zako. Weka shata (muda wa kuingiza mwanga) kwenye 1/200 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200, f/11, na nguvu ya flashi ianzie chini kisha uipandishe kwa kuangalia. Flashi ya nguvu ndogo huwaka kwa muda mfupi sana, mara nyingi chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na muda huo ndio unaogandisha mtetemo wa mkono na wa mdudu. Hivyo inatibu mwanga na ukungu kwa pamoja. Umbo la kilainishi hicho utaliona ndani ya macho ya buibui. Kikiwa cha mraba, kila jicho litakuwa na dirisha la mraba. Kikate kiwe cha duara na macho yatapendeza zaidi.

Ubaya mmoja wa flashi ni kwamba mwanga wake hupungua haraka mno kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo ukuta ulio mita moja nyuma ya chungu utatoka mweusi na mchana utaonekana usiku. Wapo wanaoupenda weusi huo. Mimi siupendi kwa picha za darasani, kwa sababu vipapasio vyeusi hupotea juu ya giza. Kata kipande cha jani la mgomba, kishikize kwa kibanio cha nguo sentimita 10 nyuma ya bapa, na utapata kijani laini kinachotenganisha kila unywele.

Tumwendee buibui anayeruka. Hajengi utando wa kunasia. Huwinda kwa macho. Ana macho manane, na yale mawili makubwa ya mbele yanaona kwa undani wa ajabu kwa kiumbe wa milimita 10, huku yale ya pembeni yakikamata mjongeo karibu pande zote. Maana yake kwako ni hii: hakimbii sura yako, anakimbia kishindo na kivuli chako. Usimwendee kutoka juu, na usiliache jua likutangulize kivuli juu yake. Shuka hadi lenzi iwe usawa wa uso wake, ingia polepole kwa mstari mmoja, na simama kila anapogeuka. Mara nyingi atageuka akukabili mwenyewe na kuitazama lenzi, na hapo ndipo picha ilipo. Akiinamisha tumbo na kubandika uzi wake juu ya bapa, yuko karibu kuruka, kwa hiyo bonyeza. Ukimkuta ameshika mawindo, una muda wa kutosha hata wa kubadilisha betri. Usiku hujifungia katika kifuko cheupe cha hariri kwenye mwanya baina ya mabapa mawili, na ukishakijua kifuko chake utajua asubuhi atatokea wapi.

Njia ya kuwatia wadudu kwenye friji ili wapoe na watulie siipendi hata kidogo. Mdudu aliyepozwa hukunja miguu kwa namna ambayo mwenye jicho huitambua papo hapo, na mwanafunzi anafundishwa mkao wa uongo.

Pemba imekupa pia mgeni ambaye sisi wa Unguja hatuna: mjusi wa kijani wa mchana, Phelsuma parkeri, anayepatikana kisiwani kwenu tu, na ambaye katika makazi ya watu huonekana kwenye migomba, minazi na kuta. Mijusi wa jamii hiyo hulamba maji matamu ya maua pamoja na kula wadudu, kwa hiyo ua la mpungate linaweza kumvuta. Tofauti na mjusi kafiri wa usiku, mboni yake ni ya duara, na hiyo inaipa picha uso wa kirafiki. Kwake lenzi yako ya milimita 55 inatosha bila nyongeza. Asikamatwe, jamii yake yote imo katika orodha ya wanyama ambao biashara yao inadhibitiwa kimataifa.

Maua ya mpungate hudumu siku moja au mbili tu, basi yakichanua acha shughuli nyengine. Gusa stameni, vile vijiti vya katikati ya ua vyenye chavua, kwa ncha ya njukuti uone zinavyojikunja polepole kuelekea katikati. Nyuki anapojitosa ndani hufanya hivyo hivyo na kutoka amejaa chavua. Na ikiwa jirani yako ana lile dungusi kakati la kutambaa linalozaa tunda la joka, ua lake hufunguka jioni na kunyauka asubuhi, kwa hiyo nenda usiku na tochi utafute nondo. Wakati wa masika, usiku ni zamu ya konokono na jongoo.

Nyongeza ya tahadhari: wengi huita mnyaa na jamaa zake mpungate kwa sababu ya umbo. Mnyaa una utomvu mweupe unaoweza kudhuru jicho vibaya, nawe utakuwa umelisogeza jicho karibu mno. Ukiona maziwa kwenye mkato, nawa na usilisogeze jicho hapo.

Ukishafanya haya kwa miezi kadhaa na bado unataka kumkaribia mdudu zaidi, nunua mirija ya kati ya kamera na lenzi, ambayo haina kioo ndani na bei yake ni ndogo kuliko ya lenzi maalumu. Mrija wa milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 huongeza takriban nusu ya ukubwa halisi. Hakikisha ina vituo vya umeme vya kuunganisha lenzi na kamera, la sivyo hutaweza kulidhibiti tundu la lenzi, na uitumie lenzi yako ikiwa kwenye 55, si kwenye 18. Lenzi ya kubana ya simu iendelee kutumika kwa vidung'ata na maua: ifute mafuta ya vidole, isogeze badala ya kuigusa skrini, na usiitarajie kwa buibui, kwa sababu inataka uwe umbali wa sentimita moja au mbili.

Vyote hivi vihifadhiwe katika kasha la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, si kabatini ndani ya mkoba wa ngozi. Kuvu ya lenzi ni ugonjwa wa pwani, na ikishaota ndani ya vioo gharama ya kuiondoa mara nyingi huzidi thamani ya lenzi.

Kuhusu dawa, mwambie mzee wa nyumbani asubiri. Dawa inayopuliziwa kila mahali huwaua kwanza nyigu wadogo, mabuu ya mbawakawa na buibui, ambao ndio wanaowapunguza vidung'ata, na wale walio ndani ya nta au kwenye mianya hubaki na kuzaliana upya. Chagua chungu kimoja chenye vidung'ata wengi kiwe cha picha na ukiweke mbali na vyengine. Vilivyobaki visafishwe jioni kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, hasa kwenye maungio, kisha visuuzwe. Penye wachache, pamba yenye spiriti kwenye ncha ya kijiti inatosha. Ikiwa kipimo cha njukuti kilitoa rangi nyekundu, ongeza bidii na uyakate mabapa yaliyoelemewa, kwa kuwa wadudu hao wakiachwa wanaweza kuua mmea mzima. Na kama baada ya yote mzee atashikilia kupulizia, basi apulizie vyungu hivyo vilivyobaki, baada ya kile cha picha kuhamishiwa upande wa pili wa ua, kule upepo unakotokea.